Tulipomtazama Mama wa Phiona



Jumapili iliyopita, baada ya kuhesabu pesa za sanduku la AVEC na kuandika majina ya waliochelewa, hatukurudi nyumbani mara moja. Tuliziba madirisha ya ukumbi kwa vikwembe, tukatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa mbao, na kijana wa jirani akatuwashia projekta aliyoazima kwa rafiki yake. Umeme ulikuwa umeenda tangu asubuhi, basi kila mmoja alitoa franga 1000 za mafuta ya jenereta. Waliokosa nafasi kwenye mabenchi walikaa juu ya bidoni. Watoto waliambiwa wabaki nje, na kama mnavyowajua watoto wa Goma, baada ya robo saa walikuwa ndani wote.

Filamu yenyewe inaitwa Queen of Katwe. Ilitoka mwaka wa 2016, na imetolewa katika kitabu ambacho mwandishi wa Marekani, Tim Crothers, alikichapisha mwaka wa 2012 juu ya msichana wa Kampala, Phiona Mutesi. Aliyeiongoza ni mama Mira Nair, Mhindi ambaye ana nyumba Kampala na anaijua miji yetu hii kwa miguu, si kwa kupita juu na ndege. Mama wa Phiona, jina lake Harriet, anachezwa na Lupita Nyong'o, yule Mkenya aliyepata Oscar mwaka wa 2014. Na msichana aliyemcheza Phiona, Madina Nalwanga, hakuwa mwigizaji kabisa. Walimkuta katika kikundi cha ngoma hapo hapo Kampala, naye pia alikulia katika mtaa wa maskini na aliwahi kuuza mahindi barabarani. Ndiyo maana anaposhika beseni mnaona anajua kulishika.

Kwa wale ambao hawakuja, hadithi ni hii. Baba wa Phiona amekufa, na dada yake mmoja pia. Mama anabaki na watoto katika chumba cha kukodi, wanaishi kwa kuuza mahindi. Phiona ameacha shule kwa sababu ya pesa. Siku moja anamfuata kaka yake Brian mpaka mahali ambapo kijana mmoja, Robert Katende, anawafundisha watoto wa mtaa mchezo wa sataranji na kuwapa uji. Phiona alivutwa na uji kwanza. Watoto wengine wanamwambia ananuka, anapigana nao, kesho yake anaoga na kurudi. Baada ya miaka michache anaiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia, mwaka wa 2010, katika mji wa Khanty-Mansiysk, kule Urusi kwenye baridi kali.

Sataranji wengi wetu hatuijui. Tuliwaambia ni ndugu ya dama, ule mchezo ambao wababa wanaucheza kwa vizibo vya chupa chini ya miti wakati sisi tuko sokoni. Wakacheka. Lakini kuna jambo moja katika mchezo ule lililowagusa wote. Yule askari mdogo kabisa wa mstari wa mbele, asiye na thamani, akifaulu kutembea hatua kwa hatua mpaka upande wa pili, anageuka kuwa malkia. Katika filamu anayemweleza Phiona jambo hilo ni mtoto mdogo kuliko yeye, Gloria. Aliyemcheza Gloria, Nikita Waligwa, alifariki mwaka wa 2020 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 15. Hilo hatukulisema ukumbini, watoto walikuwa wanasikia.

Filamu inasemwa kwa Kiingereza, na sisi wa Kongo Kiingereza chetu ni cha salamu tu. Kule Kampala katika vibanda vya video kuna watu wanaosimama na kipaza sauti na kutafsiri kwa Luganda filamu ikiwa inaendelea, wakiongeza na ya kwao. Wanawaita VJ. Sisi tulikuwa na VJ wetu. Ni dada yetu mmoja aliyekimbilia Kampala wakati wa vita vya 2008 na kuishi miaka sita, na mtaa aliokaa ni Katwe hiyo hiyo. Wakongomani wengi walipanga kule na Nsambya. Alikuwa anazunguka barabarani na vikwembe begani na mtoto mgongoni, akiwakimbia wale wanaokamata wachuuzi.

Mwanzoni alitafsiri vizuri. Kisha ikafika mvua ya usiku, maji yakaanza kuingia chumbani kwa Harriet, akanyamaza. Tulimwita, hakujibu. Watu waliendelea kutazama bila maneno, na wala hakuna aliyepotea, kwa sababu maji yanayoingia ndani usiku hayahitaji tafsiri. Baadaye alituambia kwamba Katwe iko bondeni, maji yote ya mji yanateremkia kule, na kwamba alipoona lile godoro linaelea alisikia harufu yake. Sisi wa Goma balaa letu halitoki kwa maji, linateremka kutoka mlimani likiwa moto. Tarehe 17 Januari 2002 wengi wetu tulikuwa wasichana, tulibeba wadogo zetu kwenda Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 tulibeba watoto wetu wenyewe. Lakini kusimama asubuhi mbele ya mahali palipokuwa nyumba, ukihesabu watoto kwanza na sufuria baadaye, hilo ni lile lile.

Tuseme sasa juu ya Harriet, maana yeye ndiye aliyetufanya tuchelewe kupika.

Mabishano yalianza kabla filamu haijaisha. Harriet anaposikia kwamba watoto wake wanakwenda kwa Katende, anafikiri ni kamari, au kwamba yule kijana ana nia mbaya na binti. Anakwenda kumkabili. Wadogo kati yetu walimlaumu: mama gani anamzuilia mtoto bahati? Mama mmoja anayeuza makala Birere aliwajibu bila kugeuza kichwa: "Nyinyi bado hamjazaa wasichana." Mtu anakuja anawapa watoto wako uji bure, anataka nini? Huku kwetu tumewaona waliokuja na biskuti na kuondoka na watoto. Sisi tulikuwa upande wa mama wa makala. Katende alikuwa mtu mwema, lakini Harriet hakuwa na njia ya kujua hilo siku ya kwanza, na mama asiyeuliza hafai kusifiwa.

Kisha binti mkubwa, Night, anaondoka na mwanaume mwenye pikipiki. Mama anamkataza, anakwenda. Anarudi na mimba, ameachwa. Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Harriet hasemi "nilikuambia". Anampokea. Tulikuwa na wamama wawili ndani ambao mabinti zao hawajapokelewa mpaka leo, na tunajua kwamba mmoja aliondoka pale akiwa na jambo la kufikiri, kwa sababu alitoka kwenda kumnyonyesha mtoto asiye wake.

Na Brian anagongwa na pikipiki. Hospitali wanamshona, halafu Harriet anamchukua mgongoni na kutoroka naye, kwa sababu hana pesa ya kulipa. Hapa watu walipiga makofi. Ndiyo, tulipiga makofi. Anayeona vibaya aje tumweleze namna wazazi wanavyokaa wiki mbili juu ya godoro la hospitali baada ya kupona, kama wafungwa, wakingoja ndugu walete deni.

Lakini sehemu tuliyotaka kuwaandikia ni ile ya kikwembe.

Phiona anataka kusoma usiku, na petroli ya taa imekwisha. Harriet ana nguo moja nzuri iliyobaki, ya mama yake mzazi. Anakwenda kuiuza. Hapati bei nzuri, na yule mfanyabiashara anamtazama kwa macho tunayoyajua. Anarudi na petroli. Mtoto anasoma. Hakuna muziki mwingi hapo, hakuna maneno mengi, sehemu yenyewe inapita upesi.

Nusu ya ukumbi ilikuwa inafuta machozi. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akacheka kwa sauti. Tukageuka. Akasema: "Huyu mama alipunjwa! Kitambaa cha namna ile, na anakubali bei ya kwanza?" Kisha akaeleza, huku filamu inaendelea, kwamba mwezi wa kumi na moja aliuza kikwembe chake cha harusi, vipande vitatu, bado kigumu kwa wanga, hakijafuliwa hata mara mbili. Mnunuzi alianza na dola 4. Yeye alisimama pale mpaka akapata 7. "Harriet angenituma mimi," akasema, na sasa hata waliokuwa wanalia wakacheka.

Sisi hatukucheka, na tutawaambia kwa nini.

Wengi wenu mnajua kwamba sisi tunaoandika ukurasa huu ni walimu. Tulitoka na diploma ya ISP tukiwa na maneno mazuri juu ya mtoto na maendeleo yake, na tulipofika darasani tulipewa pia karatasi ya majina. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni bure kwa sheria. Lakini mtoto akimaliza la sita, akaingia la saba, minervali inaanza tena, na huko ndiko tunakofundisha. Asubuhi ya siku iliyopangwa, mkubwa wa shule anapita na orodha. Yeye hasomi majina. Sisi ndio tunayasoma. Tunasoma kwa sauti, mtoto anafunga kitabu, anapita katikati ya mabenchi, wenzake wanaangalia viatu vyake. Tumejifunza kusoma upesi ili ipite. Wengine wetu husema "nenda ukamwambie mama", kana kwamba mama hajui.

Binti wa yule mama wa mlangoni yuko katika darasa letu. Mwezi wa kumi na moja tulilisoma jina lake. Siku ya nne alirudi na dola 7 zilizofungwa katika pembe ya kitambaa, kati ya 15 zilizotakiwa. Tulizihesabu mbele yake, tukaandika risiti, tukaandika na salio chini, dola 8, tukaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ndivyo tulivyofundishwa kufanya. Hatukuuliza zimetoka wapi. Zilikuwa noti za dola 1 moja, na tunakumbuka kwamba tulirudisha moja kwa sababu ilikuwa imechanika pembeni, tukamwambia abadilishe. Kesho yake aliileta nyingine.

Mnaona sasa. Katika filamu tulimtazama mfanyabiashara anayempunja Harriet na tukamchukia. Na dola 7 za kikwembe cha harusi zilipita mikononi mwetu, tukakataa moja.

Mwalimu anaweza kujitetea, na sisi tuko hodari kwa hilo. Mshahara unakuja unapotaka. Tangu benki za mji zilipofunga milango mwezi wa Januari 2025, hata unapokuja hauna pa kuingilia, na pesa za wazazi ndizo zinazotulisha. Hayo yote ni kweli na tutayasema tena mkutano ujao. Lakini tulikuwa tumekaa hatua mbili kutoka kwa mama yule, na utetezi wetu haukufika mdomoni.

Katika filamu kuna mwalimu pia, Sara, mke wa Katende. Phiona hana shule, basi Sara anamfundisha nyumbani kwake kusoma na kuandika, jioni, bila orodha. Hatusemi kila mwalimu awe Sara. Tunasema tu kwamba mwenzetu mmoja alitugusa na kiwiko sehemu ile, na hatukumgusa tena.

Kuna kitabu kingine tulichokisoma miaka iliyopita, kilichotafsiriwa kwa Kifaransa, ambacho mwalimu mwenzetu alituazima. Aliyekiandika ni Frank McCourt, mwalimu kama sisi. Alifundisha karibu miaka 30 katika shule za New York, na alikuwa na zaidi ya miaka 60 kitabu kilipotoka mwaka wa 1996. Kinaitwa Angela's Ashes, na Angela ni mama yake. Kinaeleza utoto wake Limerick, kule Irlandi, miaka ya 1930 na 1940: baba anayekunywa mshahara wote siku ya Ijumaa, watoto wanaozikwa mmoja baada ya mwingine, nyumba ambayo maji yanaingia chini mpaka familia inahamia chumba cha juu, na mama anayepanga foleni kwa watu wa msaada na kudharauliwa. Mwaka wa 1999 Alan Parker alikifanya filamu, Emily Watson akacheza kama Angela. Tulishangaa kuona wazungu maskini namna ile. Mtoto anatembea na viatu vilivyowekwa viraka vya mpira wa tairi! Tungeweza kumwonyesha mafundi wetu wa Virunga.

Tulikitaja kitabu hicho Jumapili kwa sababu ya swali lililoulizwa mwishoni. Mama mmoja mzee, aliyekaa kimya muda wote, aliuliza: huyu Harriet aliulizwa? Walipotaka kuonyesha dunia nzima kwamba alifukuzwa katika chumba cha kukodi, kwamba alitoroka hospitali, kwamba binti yake alipata mimba, kuna mtu aliyemwuliza?

Angela hakuulizwa. Alikufa mwaka wa 1981, kitabu kikatoka miaka 15 baadaye. Mtoto alisema yote: mama kuomba, mama kulala kitandani akikataa kuamka, na mambo mengine ambayo hakuna mama angependa yasomwe na majirani. Wapo watu wa Limerick waliokasirika sana wakisema mji wao haukuwa hivyo. Sisi tunaamini McCourt alimpenda mama yake, inaonekana katika kila ukurasa. Lakini alisema peke yake.

Harriet alikuwa hai. Na filamu ina mwisho ambao hatujauona katika filamu nyingine. Hadithi ikishamalizika, waigizaji wanatoka mmoja mmoja, na kando ya kila mmoja anakuja yule mtu wa kweli aliyemwigiza. Katende wa kweli na David Oyelowo. Phiona wa kweli na Madina. Kisha Lupita, na kando yake mama Harriet mwenyewe, amesimama, anatazama kamera. Watu walisimama kumwona. Yule mama mzee alitaka kijana arudishe nyuma, akarudisha, akamtazama tena, kisha akasema: "Haya. Huyu alikubali." Hatujui kama kusimama pale ni kukubali kila kitu. Lakini ni zaidi ya alichopata Angela.

Hapo tukaulizana: mtoto wako akija kuwa mtu, akaandika, ungependa aseme nini juu ya miaka hii? Wengi walisema: aseme yote. Mmoja alisema aseme yote ila asiseme jina la baba. Mwingine alisema aseme njaa, aseme vita, aseme tulivyolala njiani Sake, lakini asiseme kwamba nilimpiga siku ile kwa sababu ya sambaza zilizoibwa na paka. Tulicheka, naye hakuwa anacheka.

Mama wa kikwembe aliulizwa pia. Akafikiri. Akasema: "Aseme niliuza. Ila aseme na bei. Saba, si nne."

Jumatatu asubuhi binti yake alikuwa kwenye benchi lake, la tatu kutoka dirishani, na tuliona kwamba alikuwa ameambiwa. Anatutazama tofauti, si kwa hasira. Anajua kwamba tunajua. Tulikuwa tumeamua kumwambia neno, tukalitayarisha njiani kutoka Ndosho, na tulipofika tukaita tu orodha ya mahudhurio na kuanza somo la sehemu za maneno.

Juu ya salio, tulizungumza na mtunza sanduku. Pesa za jamii ndani ya sanduku la AVEC ni kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na kanuni tuliipiga kura wenyewe, basi haiwezi kuguswa mpaka mkutano ukubali. Lakini waliobaki Jumapili kufagia ukumbi walichanga kidogo kidogo, ikafika dola 5 na franga kadhaa. Mama mwenyewe amekataa kuipokea kama zawadi. Anataka iandikwe mkopo, kwa jina lake, na faida kama ya wengine. Imeandikwa. Risiti mpya tuliiandika sisi, bila kalamu nyekundu, na tunabaki na salio la dola 3 la kujadili na mkubwa wa shule, ambaye ametuambia tumwone Ijumaa.

Hoja ya kuongeza minervali katika matumizi ya pesa za jamii itakuwa ya pili kwenye orodha ya mkutano, baada ya ripoti ya sabuni. Tafadhali mfike kwa wakati, maana kura inataka theluthi mbili. Kijana wa projekta anasema anaweza kuja tena mwisho wa mwezi. Franga 1000 ni zile zile, na safari hii kila mmoja aje na kiti chake.